Mtambo wa Simu Ukinyamaza, Tuanze na Ardhi

Simu za ofisi zinaponyamaza, neno la kwanza linalotamkwa ni kwamba mtambo umekufa. Neno hilo hutoka upesi mno. Hutamkwa na karani, hukubaliwa na mhasibu, na kabla ya juma kwisha barua imekwisha andikwa makao makuu kuomba fedha za mtambo mpya. Fedha zikipatikana, mtambo mpya huja, hufungwa mahali pale pale, kwa waya zile zile, juu ya ardhi ile ile. Na mvua za vuli zifikapo, nao hunyamaza kama mwenzake. Leo twataka kulieleza jambo hili kwa kituo, kwa kuwa linagharimu fedha za umma na za wafanyabiashara, na kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa yake imo mikononi mwetu.

Kwa mtambo wa simu tunakusudia kile kisanduku au kabati lifungwalo ukutani, lipokealo laini chache za nje na kuzigawa kwa simu nyingi za ndani. Zamani kazi hiyo ilifanywa na opereta aliyeketi mbele ya swichibodi, akichomeka na kuchomoa kamba. Mtu wa kwanza kufanikiwa kumwondoa opereta kitini hakuwa mhandisi wa simu; alikuwa mzika maiti wa Marekani, Almon Strowger, aliyepewa hataza ya mtambo wake mwaka 1891. Yasimuliwa kwamba alimshuku opereta wa mjini kwao kuwapeleka wateja wake kwa mshindani. Mitambo ya leo haina vyuma vinavyopanda na kuzunguka kama vya Strowger. Ina kadi za elektroniki. Lakini umeme unaoiendesha, na waya zinazoingia na kutoka, hazikubadilika kwa kiasi ambacho wengi hudhani.

Tumeuchagua mji mdogo wa Hedaru, wilayani Same, uwe kioo cha maelezo yetu. Hedaru uko kusini ya mji wa Same, chini ya milima ya Upare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na kando ya ile reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911. Pepo zitokazo baharini hupanda milima kutoka upande wa mashariki, zikamwaga mvua yake huko huko. Zikishukia upande wa Hedaru huwa zimekwisha kauka. Ndiyo maana mtu aliyesimama katika vumbi la Hedaru aweza kuinua macho akaona mawingu mazito juu ya mlima. Joto, vumbi, ukavu wa ardhi na radi za milimani vimekutana mahali pamoja, na vyote vinne ni maadui wa mtambo wa simu.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza, sisi na Hedaru tuna nini? Tuna mengi. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na mto Pangani, ambao hupita katika nyika iliyo magharibi ya Hedaru, ndio huo huo uzungushao mitambo ya Hale na ya maporomoko ya Pangani. Isitoshe, ardhi ya Hedaru haipitishi umeme vyema kwa sababu ya ukavu, na ardhi ya visiwani mahali penye maweni haipitishi umeme vyema kwa sababu ya jiwe. Kule vumbi huingia katika maungio ya waya. Huku chumvi ya bahari huyala hadi shaba ikageuka kijani. Maradhi ni ya ukoo mmoja.

Zamani shughuli hii haikumsumbua mwenye ofisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi ya posta na simu ilichukuliwa na Shirika la Posta na Simu Tanzania, na mwaka 1994 shirika hilo likagawanywa, simu zikawekwa peke yake. Siku hizi kampuni ya simu humfikishia mteja laini mlangoni. Mtambo ulio ndani ni mali yake na mzigo wake. Kwa maoni yetu, kilichopungua katika mabadiliko hayo ni fundi mkaazi aliyeujua mtambo kama mkulima aijuavyo ng'ombe wake. Leo ofisi ya Hedaru huita fundi kutoka Moshi, Tanga au hata Dar es Salaam, na fundi alipwaye kwa safari hapendi kurudi kwao bila ya kubadilisha kitu.

Wapo watakaosema kwamba simu za mkononi zimekwisha maliza habari hii. Katika duka la mtu mmoja, ni kweli. Lakini hoteli yenye vyumba 40, hospitali yenye wodi na maabara, kiwanda, na ofisi ya serikali yenye idara nyingi, hawajapata badala ya simu ya ndani isiyotozwa senti na isiyohitaji kuchajiwa. Hata mitambo mipya itumiayo njia za intaneti husimama juu ya umeme na ardhi vile vile, na huumia kwa radi upesi zaidi.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Fundi mwema, kabla ya kufungua kisanduku, huuliza: Ni simu moja iliyonyamaza, ni kadhaa, ama ni zote? Jibu la swali hilo huokoa nusu ya siku. Ikiwa ni moja, kosa karibu daima liko nje ya mtambo: katika simu yenyewe, katika kamba yake, au katika waya upitao ukutani. Ikiwa ni nane zinazofuatana kwa namba, au kumi na sita, basi kadi moja yashukiwa, kwa kuwa kadi nyingi hutengenezwa kuhudumia simu nane au kumi na sita. Ikiwa ni zote, mtu asiguse kadi hata moja kabla ya kuuchunguza umeme. Na ikiwa simu za ndani zaongea zenyewe kwa zenyewe ila haziwezi kutoka nje, laini za nje zikaguliwe pale zinapoingilia.

Tuchukue simu moja iliyonyamaza. Mtu asiye na mita ya umeme aweza kufanya mengi kwa simu nyingine iliyo nzima. Aichomeke mahali pa ile mbovu. Ikiita, simu ya kwanza ndiyo mgonjwa. Isipoita, aende kwenye ubao wa maungio, pale ambapo waya zote za nyumba hukutana na waya za mtambo, aichomoe laini hiyo upande wa nyumba, kisha aiunge simu nzima moja kwa moja upande wa mtambo. Mlio ukisikika, mtambo ni mzima na kosa liko katika waya wa nyumba. Usiposikika, kosa liko upande wa mtambo. Kwa tendo hilo moja tatizo limekatwa vipande viwili, na kimoja kimetupwa. Ni ajabu jinsi mafundi wengi wanavyoliruka tendo hili wakaanza kubahatisha.

Mwenye mita ataona zaidi. Laini isiyotumika katika mtambo wa kawaida huwa na volti zipatazo 48 za umeme wa betri, ingawa ipo mitambo midogo itoayo 24 au 28. Mkono wa simu ukiinuliwa, volti hushuka hadi chini ya 10 au zaidi kidogo. Laini inayoonyesha volti ndogo hali hakuna aliyeinua simu ina waya mbili zinazogusana mahali fulani, au unyevu na chumvi vimejenga daraja kati yake. Laini yenye volti kamili lakini isiyo na mlio wakati simu imeinuliwa imekatika njiani. Waya wa shaba wenye unene wa nusu milimita huwa na ukinzani wa omu zipatazo 168 kwa kila kilomita moja ya kwenda na kurudi. Hivyo laini ya ndani ya nyumba yenye urefu wa mita 100 ikisoma omu mia kadhaa, pana ungio lililoliwa na kutu. Fundi chipukizi na aonywe hapa: kengele ya simu hupigwa kwa umeme wa volti 75 hadi 90, na mwenye kushika waya wakati mtu apigapo simu hiyo hatasahau.

Tukija kwenye simu zote kunyamaza, mlango wa kwanza wa kubisha ni betri. Mtambo mwingi wa ofisi huwa na betri nne za volti 12 zilizofuatanishwa, zikichajiwa wakati wote kwa volti zipatazo 54, ili umeme ukikatika simu ziendelee. Betri dhaifu ni mdanganyifu. Ikiwa kwenye chaja, huonyesha volti 13 na nusu kama wenzake walio wazima. Umeme ukikatika, baada ya dakika kumi huanguka hadi 10, na mtambo wote hujizima kwa sababu ya huyo mmoja. Basi betri zipimwe kila moja peke yake, mtambo ukiwa unaendeshwa na betri hizo, chaja ikiwa imezimwa.

Joto ndilo liziuazo betri hizi. Kanuni ya kawaida ya wahandisi ni kwamba kila joto lizidipo nyuzi 25 za sentigredi kwa nyuzi 10 nyingine, umri wa betri hupungua kwa nusu. Betri iliyotengenezwa kuishi miaka 10 itaishi 5 katika chumba chenye nyuzi 35. Hedaru, chini ya bati lisilo na dari, kipimo hicho si kigeni. Nasi tumeona katika ofisi nyingi, za bara na za visiwani, mtambo wa simu ukiwekwa katika stoo isiyo na dirisha, juu ya marobota ya karatasi, kwa kuwa chumba kizuri kimepewa kazi nyingine. Watu wa Unguja hawahitaji kukumbushwa thamani ya betri: mwezi Mei 2008 umeme wa kisiwa chote ulikatika kwa karibu mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa miezi mitatu. Hakuna betri ya simu iwezayo kushinda giza la namna hiyo bila jenereta, lakini umeme urudipo kwa vishindo, kisha ukaondoka, kisha ukarudi, chaja na betri ndizo zinazopokea mapigo.

Tumefika kwenye ardhi, ambako ndiko tulikotaka kufika.

Kila mtambo wa simu huwa na waya wa kijani na manjano, mafundi huuita ethi, ambao huunganishwa na chuma kilichopigiliwa ardhini. Kazi yake ni kuupeleka udongoni umeme usiotakiwa, hasa ule wa radi. Waya huo ndio usahauliwao kuliko vitu vyote. Pengine haukufungwa kabisa. Pengine umefungwa kwenye bomba la maji ambalo limekwisha badilishwa likawa la plastiki. Pengine chuma chake kilipigiliwa wakati wa masika, fundi akapima akaridhika, na kufika Septemba udongo umekuwa majivu na chuma hakigusani na chochote cha maana.

Hesabu yake ni nyepesi. Radi ya kawaida yaweza kubeba ampea 10,000 au zaidi. Ikishukia ardhi yenye ukinzani wa omu 50, hesabu ya Ohm inatupa volti 500,000. Ikishukia ardhi yenye omu 5, volti 50,000. Zote mbili zatosha kuua, kwa hiyo omu chache peke yake si kinga. Kinga ya pili, ambayo twaona ina uzito kuliko ya kwanza, ni kuhakikisha kwamba vitu vyote vya ofisi vimefungwa kwenye ardhi moja. Wasomaji wa visiwani wataelewa kwa mfano wa mashua. Mashua iliyotia nanga peke yake, maji yakijaa, hupanda pamoja na maji na haidhuriki. Lakini ukiifunga kwa kamba fupi kwenye nguzo ya gati iliyo chini, maji yakijaa kamba itakaza mpaka kitu kivunjike. Ndivyo ulivyo mtambo wa simu ulio na ardhi yake peke yake huku chaja yake ikifuata ardhi ya umeme wa nyumba, na laini ya nje ikileta ardhi ya tatu kutoka barabarani. Radi ikianguka hata mbali kidogo, ardhi moja hupanda volti kuliko nyingine, na njia pekee iziunganishayo ni kadi za mtambo. Kadi huungua. Fundi huja, huona alama nyeusi, husema ni radi, na hubadilisha kadi. Ardhi zabaki tatu kama zilivyokuwa.

Dawa ni waya mnene wa shaba uunganishao ardhi zote mahali pamoja, kwa njia fupi na iliyonyooka, na vizuizi vya radi mahali ambapo laini za nje huingilia nyumba. Vizuizi hivyo ni vichupa vidogo vyenye gesi, ambavyo volti ikizidi kiasi huwaka ndani na kuupeleka umeme ardhini. Navyo huchoka, baada ya misimu kadhaa ya radi vyapaswa kubadilishwa, na bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya kadi moja. Lakini kizuizi kisicho na ardhi nyuma yake ni pambo tu.

Je, ardhi kavu huponywaje? Desturi ya mafundi wetu ni mkaa na chumvi. Husaidia, lakini chumvi huchukuliwa na mvua na huila shaba yenyewe, hata baada ya miaka michache chuma kinakuwa uzi. Lipo jambo ambalo watu wa Hedaru wanalo jirani na wengi wao hawalifikirii kwa kazi hii: jasi. Makanya, mji ufuatao njiani kuelekea Same, huchimbwa jasi ambayo hutumika katika kutengeneza saruji. Jasi haiyeyuki upesi kama chumvi, hushika unyevu, na katika ule mchanganyiko unaojulikana duniani wa kufukia vyuma vya ardhini ndiyo sehemu kubwa: jasi 75, udongo wa bentonaiti 20, na sodiamu salfeti 5 katika kila 100. Shimo moja la ardhi halihitaji hata mzigo wa mkokoteni. Mahali ambapo udongo ni mwingi, kama chini ya milima ambako maji yameuleta kwa karne nyingi, vyuma virefu vipigiliwe hadi kufikia unyevu, na kila kimoja kiachane na mwenzake kwa nafasi isiyopungua urefu wake. Mahali penye maweni, kama mashariki ya Unguja, chuma hakiingii. Hapo ni heri kuchimba mtaro na kuulaza ukanda mrefu wa shaba ndani ya mchanganyiko huo.

Juu ya kadi hatutasema mengi, maana zikiisha kupata umeme safi na ardhi njema huishi miaka mingi. Kadi isichomolewe mtambo ukiwaka isipokuwa kitabu chake kimeruhusu. Fundi aguse kwanza chuma kilichofungwa ardhini, kwa kuwa katika hewa kavu ya Hedaru mwili wa mtu hubeba umeme wa msuguano uwezao kuharibu kadi bila mwenyewe kuhisi. Kadi ishukiwayo ibadilishane mahali na iliyo nzima: kosa likihama pamoja nayo, kadi ni mbovu, likibaki palepale, kosa liko nyuma yake. Aidha mitambo mingi ina betri ndogo, ya ukubwa wa shilingi, itunzayo kumbukumbu ya namba zote. Ikifa, mtambo husahau kila kitu umeme ukatikapo siku nzima, na watu husema umerogwa. Namba hizo zinakiliwe mahali pengine.

Yale makosa yajayo na kuondoka ndiyo yamchoshayo fundi, na hapo daftari hushinda mita. Andikeni saa, simu iliyohusika, hali ya hewa, na kama umeme ulikuwapo. Kosa litokealo kila siku saa nane mchana ni la joto. Litokealo baada ya mvua ni la unyevu katika maungio. Litokealo pampu ya maji inapowashwa ni la umeme wa nyumba. Mhudumu wa mapokezi aweza kuliandika daftari hili, hata bila kujua ndani ya mtambo mna nini.

Kwa waheshimiwa wanaotayarisha bajeti na zabuni, tuna ombi dogo. Katika karatasi nyingi za zabuni hutajwa jina la mtambo, idadi ya simu na muda wa dhamana, na ardhi haitajwi, au hutajwa kwa maneno mawili. Iandikwe kwa kipimo: omu zisizozidi 5, au 10 mahali pagumu, zikipimwa wakati wa kiangazi, mbele ya mwakilishi wa ofisi, ardhi zote zikiwa zimeunganishwa, na karatasi ya kipimo ikabidhiwe pamoja na funguo. Iandikwe pia kadi moja ya akiba, seti ya vizuizi vya radi, na betri mpya baada ya miaka minne kwa vituo vya joto. Na barua ya kuomba mtambo mpya isipokewe bila ya kipimo cha ardhi, kipimo cha kila betri na nakala ya daftari. Barua nyingi, twaamini, hazingefika mezani.

Upimaji wenyewe hauchukui hata saa mbili: kipima ardhi kimoja, vyuma viwili vya muda, na waya mrefu. Ofisi ambayo haijawahi kupimiwa, iwe ya Hedaru, ya Wete au ya Makunduchi, ingefanya vyema kuchagua mwezi wa Septemba, wakati udongo umekauka kabisa na mawingu ya vuli hayajajikusanya juu ya mlima.